Vitenzi vya Bi Turkiya

Kila mwaka chuo kinapofunguliwa, wanafunzi wapya wa Idara ya Kiswahili hugawiwa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Juu imeandikwa VITENZI VYA UCHAMBUZI, na chini yake, kwa herufi zilizokolezwa, Mtayarishaji: Mwalimu Abrahamu Mgaya. Ndiye mimi. Humo mna vitenzi hamsini na viwili, kila kimoja na maelezo yake. Anadai: amesema, na ushahidi hajauleta. Anadokeza: amegusa tu akapita. Anakiri: amesema jambo ambalo angependa lifichike. Anabainisha: ametenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika, sasa unayaona. Wanafunzi wanaipenda karatasi ile. Wameipiga picha kwa simu, wametumiana, na nasikia imefika hadi vyuo vya Korogwe na Morogoro. Walimu wenzangu huniita Bwana Kitenzi, nami hucheka. Kicheko hicho kwa miaka kumi na mbili kimekuwa cha mtu aliyevaa kanzu ya kuazima harusini, akiomba mwenye kanzu asitokee.

Karatasi ile si yangu. Kilicho changu pale ni jina tu. Maneno ni ya Bi Turkiya binti Harub wa Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, na ninaeleza habari zake hapa kwa sababu nimechoka kujificha, wala si kwa sababu mimi ni mtu mwema. Mtu mwema angeeleza zamani.

Bi Turkiya ana miaka sabini na ushei. Ukoo wao ulitoka Omani siku nyingi mno, hata hawana tena wa kumpigia simu huko. Walikuwa na minazi upande wa Moa, wakaigawana na kuigawana mpaka ikaisha. Baba yake, Harub bin Asaad, alikuwa karani wa kadhi, na kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya mashahidi. Shahidi akisema fulani kamwacha mkewe, Harub haandiki kwanza. Anamuuliza: ulikuwapo ukasikia kwa masikio yako, au umeambiwa? Aliyeona aliandikwa ameona, aliyesikia aliandikwa amesikia, na aliyedhani alirudishwa nyumbani akafikiri vizuri. Mahakama za makadhi zilipofutwa baada ya uhuru, mzee yule alihamishia kazi barazani kwake, akawa anawaandikia watu barua za serikalini, wosia na masuluhisho ya ndoa. Turkiya, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyemsomea kila barua kabla haijatiwa sahihi. Baba alisikiliza huku amefumba macho, na neno likimkwaza alisema moja tu: "Rudi." Binti akarudi, akasoma tena, mpaka mwenye barua mwenyewe agundue alipopotoka.

Alipomaliza shule, Turkiya akawa mpiga chapa katika ofisi ya kampuni moja ya mkonge hapa mjini. Alikaa pale miaka thelathini, mameneja wakija na kuondoka. Kila mmoja wao alikuja kutambua kwamba barua ikipita mikononi mwake inatoka imenyooka. Aliolewa mara moja. Nilipowahi kumuuliza, nikasema kwa adabu zangu za kujifunza ukubwani, "Mliachana lini, Bi?" alinijibu papo hapo: "Aliniacha. Usiseme tuliachana. Mie sikumwacha mtu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosahihisha tarehe.

Baada ya kustaafu, macho yakaanza kumfa. Presha ya macho, walimwambia hospitali. Mwaka niliomjua alikuwa akiona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu mlangoni, basi, na hakupenda watu wajue. Alikaa kwenye mkeka akisuka ukili kwa kupapasa, vidole vikienda mbio, na mgeni aliondoka akidhani bibi yule anaona kila kitu. Alikuwa na mpwa wake wa upande wa binamu, Wijdan, mwanamke mkimya anayeishi naye mpaka leo, ambaye humpikia na kumjibia wageni mlangoni.

Nilikwenda kwake kwa aibu. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa Mbena, alitoka Njombe kuja kukata mkonge huku Tanga na hakurudi tena. Kambini mlikuwa na makabila kumi na Kiswahili cha kuokoteza: vitu hizi, maji imemwagika, mtoto ya jirani. Ukubwani nilijisugua Kiswahili hicho kama masizi ya sufuria. Mdomoni kiliniachia kidogo, lakini kalamuni kilibaki. Nilipopeleka tasnifu yangu ya shahada ya pili, iliyohusu nyimbo za wakata mkonge, msimamizi aliirudisha na maneno haya kwa wino mwekundu: "Kila mtu humu anasema. Kila kitu humu kinaonyesha. Hujachambua, umeorodhesha. Na ngeli zako zinanisikitisha." Akanipa wiki sita. Miraji wa steshenari, aliyekuwa akinichapia, alinihurumia. "Nenda kwa Bi Turkiya," akasema. "Hatakuandikia hata neno, lakini utaandika."

"Shikamoo, Bi," nikasema pale mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Soma."

Nikasoma: "Wimbo huu unaonyesha kwamba wakata mkonge wanalalamika juu ya nyapara."

"Rudi."

Nikarudia vilevile, kwa sauti kubwa zaidi.

"Si kwamba sikusikia," akasema. "Wimbo unaonyesha kwa kidole? Hebu uimbe."

Nikaona soo, mtu mzima na mkoba wangu, lakini nikauimba. Ulikuwa wimbo wa baba na wenzake, wakirudi na visu begani: nyapara ana saa mkononi, jua halina saa, na jioni wote tunakwenda. Bi Turkiya alisikiliza huku vidole vikisuka.

"Wakiimba hivyo walikuwa wakilia?"

"Hapana, Bi. Walikuwa wakicheka. Wengine walikuwa wakimwigiza anavyotazama saa."

"Sasa hayo malalamiko umeyapata wapi?"

Nikanyamaza. Yeye akaendelea kusuka, na hakunisaidia. Mwishowe nikasema, "Wanamkejeli."

"Haya. Andika."

Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Nilikuwa nimemwandika kama mtu wa kulia, kumbe nilimjua kuwa mtu wa kucheka. Nilitoka pale siku ile nikatembea kwa miguu mpaka Chumbageni bila kuona magari.

Wiki sita nilikwenda kila alasiri. Sikumwona hata mara moja akishika kalamu. Asingeweza hata angetaka. Niliposoma "vitabu hivi inaeleza," alikunja uso tu kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye wali, nami nikarekebisha mwenyewe. Niliposoma "mwimbaji anathibitisha," aliniuliza ushahidi uko wapi. Yale aliyonieleza kuhusu kila kitenzi niliyaandika kwenye daftari langu, na daftari hilo ndilo baadaye nililoligeuza karatasi mbili zenye pini.

Siku ya mwisho nikamuuliza nimpe nini. Akauliza ukurasa wa shukrani uko wapi. Nikamwambia uko mwanzoni.

"Basi mtaje baba yangu hapo," akasema. "Si mimi. Yeye. Harub bin Asaad, karani. Mie sina mtoto wa kumwombea babu yake. Lakini kila atakayesoma, awe Mwislamu awe Mkristo, atasema Mungu amrehemu. Na asiposema, jina litakuwa limepita mdomoni mwake. Hiyo ndiyo sadaka yangu kwa baba. Sina nyingine."

Ndiyo yalikuwa masharti yake kwa kila mtu. Jina moja, mstari mmoja.

Niliuandika mstari ule. Nataka ijulikane kwamba niliuandika. Asubuhi ya kupeleka kazi ikajalidiwe nilisimama nyuma ya Miraji, nikautazama kwenye kioo cha kompyuta: Nawiwa shukrani na marehemu Harub bin Asaad, karani wa kadhi. Nikawaona watahini. Nikawasikia wakiuliza, huyu marehemu alikusaidia vipi? Na mimi nikieleza kwamba mwalimu wa chuo, mtoto wa kambi, amefundishwa kuchagua vitenzi na mpiga chapa mstaafu asiyeona. Nikasema, "Miraji, futa huo." Miraji alinitazama. Halafu akaufuta.

Na hilo lingekuwa woga tu, na woga watu husamehewa. Lakini baada ya wiki mbili nilimpelekea Bi Turkiya nakala iliyojalidiwa vizuri, ya rangi ya samawati, herufi za dhahabu mgongoni. Akaipapasa. Akasema, "Nisomee shukrani." Nikafungua, nikasoma: namshukuru Mungu, namshukuru msimamizi wangu, namshukuru mke wangu Blessing kwa uvumilivu. Kisha nikasoma mstari ambao haukuwapo. Nilisoma vizuri sana. Sikukwama. Bi Turkiya akainua mikono akamwombea baba yake, nami nikaitikia amina. Akamwambia Wijdan akiweke kitabu kabatini, kando ya msahafu.

Tangu hapo nikawa mtu wa kumtembelea sikukuu kwa sikukuu, nakaa dakika kumi, naondoka. Nikapanda cheo, nikahamia nyumba ya chuo Raskazone. Wanafunzi waliendelea kumjua wao kwa wao. Mimi sikumtuma hata mmoja.

Mwaka jana akaingia mwaka wa tatu msichana anayeitwa Kristina Luka. Anatoka kambi ileile niliyozaliwa, na baba yake bado anakata mkonge. Ningepaswa kumpenda kama mdogo wangu. Badala yake nilimkwepa. Kila akifungua mdomo darasani nilisikia kambi, na nilihisi kwamba wengine wakisikia watanigeukia mimi. Alikuwa akifanya utafiti juu ya masimulizi ya wanawake wa Tongoni kuhusu magofu yao. Kazi yake ilipofika mezani kwangu niliisoma nikiwa nimesimama. Mahali fulani aliandika: "Bi Khadija hathibitishi kwamba kisima kina jini. Anasimulia alivyosimuliwa na bibi yake, na kila akilitaja jini anapunguza sauti." Hakuna "kinaonyesha" hata kimoja. Nilijua hapo hapo ametoka wapi. Nikafungua ukurasa wa shukrani. Jina lilikuwapo.

Kazi ile iliwatia wenzangu wasiwasi. Ilikuwa safi mno kwa mtu anayezungumza kama Kristina, kwa hiyo akaitwa mbele ya jopo. Tulikuwa watatu: Bi Samiha, ambaye ndiye Mkuu wa Idara, pamoja na Dokta Tahiri na mimi. Jambo lenyewe lilikuwa zito. Kazi ikikataliwa angerudia mwaka mzima, na shule moja ya Pangani ilikuwa imekwisha kumwahidi nafasi ya kufundisha mwezi wa kwanza.

"Nani huyu Harub bin Asaad?" akauliza Dokta Tahiri.

"Ni marehemu, Dokta. Ni baba yake Bi Turkiya wa Ngamiani."

"Marehemu alikusaidia utafiti?"

"Hapana. Bi Turkiya ndiye. Nilimsomea kazi yangu, yeye akaniuliza maswali."

"Maswali tu? Hakuandika?"

"Hakuandika, Dokta. Makosa zote nilirekebisha mimi."

Dokta Tahiri akaweka kalamu chini taratibu. "Makosa zote," akarudia, akamtazama Bi Samiha. Kristina akaona alipoteleza, akainamisha kichwa. Nilikijua kile kichwa kinavyoinama. Neno humponyoka mtu akiwa na hofu, lakini mezani, mbele ya karatasi, mtu huyohuyo ana muda wa kurudi. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote ndani ya chumba.

Bi Samiha, mwanamke wa haki, akanigeukia. "Mwalimu Mgaya, wewe ndiye bingwa wetu wa mambo haya. Inawezekana mwanafunzi kama huyu akaandika hivi mwenyewe?"

Sentensi moja ingetosha. Ningesema: inawezekana, kwa sababu mimi mwenyewe niliandika hivyo, kwa msaada uleule, na bibi yule haoni hata herufi. Kristina aliinua macho akanitazama. Hakuwa ananiomba. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayejua jibu analijua mwenzake.

"Ni vigumu kusema," nikasema.

Kazi ikakataliwa. Kesho yake tangazo likabandikwa ubaoni, kuwakataza wanafunzi kupeleka kazi zao kwa "wahariri wa mitaani." Msemo huo aliutunga Dokta Tahiri, na mimi ndiye niliyeombwa kuupitia kama una kosa. Haukuwa na kosa la sarufi.

Nilimkuta Kristina kibarazani, analisoma. Akanisalimia. Shikamoo yake ilinichoma, nikaijibu haraka, halafu nikasema ujinga. Nilisema, "Kwa nini uliliweka jina lile? Niliwaambia shukrani ziwe za wasimamizi na wazazi."

"Nilimwahidi Bi, mwalimu."

"Ungepona kama usingeliweka."

Akalitazama tena tangazo. "Nilishaona inavyokuwa lisipowekwa," akasema.

Nikamuuliza ana maana gani, ingawa mwili ulikwisha kujua. Akaniambia polepole, bila kunitazama. Kwa Bi Turkiya kuna desturi. Siku ya kwanza mwanafunzi hushusha kabatini kazi za waliomtangulia na kusoma shukrani zao kwa sauti, moja baada ya moja, ili jina la Harub litajwe. Siku hizi ziko kumi na tisa. Ya kwanza kusomwa ni ya samawati.

"Dada Wijdan hutuambia mlangoni kabla hatujaingia," akasema. "Amebandika kikaratasi kwenye ule ukurasa, ameandika mstari kwa mkono. Anasema, mkifika hapo someni hicho, msikwame."

"Wote?"

"Wote, mwalimu. Miaka yote."

Ukiniondoa mimi, kumi na wanane. Niliwafundisha wote. Niliwagawia karatasi zangu zenye pini, wakazipokea kwa mikono miwili, wakaenda kusoma kikaratasi cha Wijdan, wakarudi darasani kesho yake wakaniita mwalimu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya jopo, maana angeokoka.

"Ningesema, habari ingefika Ngamiani kabla sijafika mimi," akajibu. Akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Nikaamini kwamba binti yule amenionea huruma, na huruma hiyo ilinilemea kuliko matusi.

Siku nne niliandika barua. Ya kwanza ilisema, "Jina halikuwekwa katika tasnifu yangu." Halikuwekwa na nani? Nikaandika, "Nilisahau kuweka jina." Sikusahau. Nikaandika, "Niliacha." Mtu huacha mwamvuli dukani. Mwishowe nikaandika nililofanya: niliamuru lifutwe, na nikamdanganya asiyeona. Mwalimu wa vitenzi alihitaji siku nne kupata viwili.

Jumatatu niliingia kwa Bi Samiha na barua ile na nakala yangu ya tasnifu. Alisoma vyote viwili. Hakupandisha sauti.

"Jumanne, mbele ya jopo, ulikuwa umekaa kiti hicho hicho," akasema. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, mwalimu?"

"Kwamba mtajua mimi ni kama yeye."

Alikunja barua akaiweka kwenye droo. Kristina akaitwa tena. Safari hii akapewa kurasa zake mwenyewe, akaulizwa neno kwa neno kwa nini aliandika hivi na si vile, na alijibu saa nzima, kwa Kiswahili chake cha kambi, mpaka Dokta Tahiri mwenyewe akafunga faili. Kazi ikapita. Tangazo likabanduliwa. Mimi nikatolewa kwenye jopo, na karatasi ya vitenzi ikasimamishwa hadi itakapojulikana iandikwe jina la nani. Sina la kulalamikia hapo. Walimu wenzangu wameacha kuniita Bwana Kitenzi. Wananiita Mgaya.

Ikabaki Ngamiani.

Nilikwenda Alhamisi alasiri. Wijdan alinifungulia, akanitazama mara moja, akanipisha. Bi Turkiya alikuwa kwenye mkeka, ukili mapajani. Kwa wiki nzima mwanafunzi hakuwa amekanyaga pale, kwa sababu ya tangazo lile.

"Abrahamu huyo," akasema, kabla sijafungua mdomo. Ananijua kwa hatua. "Hata sikukuu haijafika. Watoto wako wamekwenda likizo? Kimya wiki hii, sijalisikia jina la baba. Hebu nishushie kitabu chako, unisomee mwenyewe. Wewe unasoma vizuri."

Wijdan akakitoa kabatini akanipa. Nikakifungua ukurasa wa shukrani. Kikaratasi kilikuwapo, kimegeuka rangi kwa kushikwashikwa, mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu. Nakiri kwamba hata hapo nilishawishika. Kilikuwa mbele ya macho yangu, mstari mmoja, na mwanamke yule angefurahi, na siku ingepita salama.

Nikasoma yangu. Namshukuru Mungu. Namshukuru msimamizi wangu. Namshukuru mke wangu Blessing kwa uvumilivu. Nikanyamaza.

"Endelea," akasema.

"Pameishia hapo, Bi."

Vidole vikasimama.

"Jina la baba?"

"Halipo. Nililifuta kabla ya kujalidi, niliona haya watu wajue umenifundisha. Siku ile nilikusomea kitu ambacho sikukiandika."

Nilimsikia Wijdan nyuma yangu akivuta pumzi. Bi Turkiya alipapasa mkeka kana kwamba kitu kimemdondoka, kisha akaukunja ukili wake vizuri, akauweka pembeni.

"Na hao watoto? Kila mmoja anashusha kitabu, anasoma jina. Walikuwa wanasoma nini?"

"Kuna kikaratasi, Bi. Walijua wote. Walikuwa wananisitiri."

"Wewe?" akasema. Alinigeuzia uso, macho yake yakapita juu ya bega langu. "Walikuwa wananisitiri mimi."

Kisha akamwita mpwa wake kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wijdan, mpe mwenyewe kitabu chake."

Wijdan akakichukua magotini mwangu, akakibandua kile kikaratasi taratibu kisichanike, akabaki nacho, na kitabu akanirudishia.